Namna ya kumsikiliza Jan Garbarek: mwongozo kamili, kuanzia sikio hadi saksafoni

Rafiki yangu mmoja alinipa albamu ya Jan Garbarek kwa sababu jina la albamu lilikuwa na neno "Afric". Alijua nimekulia kwenye dansi, kwenye bendi zilizojiita Jazz huku zikipiga rumba, saksafoni zinajibizana na gita na watu wanasakata hadi alfajiri. Akaona hii itanifaa. Nikaiweka, nikaketi. Haukupita muda nikasikia saksafoni inapiga mayowe, nyingine nzito kama honi ya meli, gita linaunguruma kwa mbali, drams zinakwenda zinakojua zenyewe. Nikazima. Miaka mitatu sikumgusa tena.

Nilikuwa nimeingilia mlango wa nyuma. Wapo wanaoingilia dirishani: wanatumiwa kipande cha saksafoni ikilia kanisani juu ya waimbaji wanne, wanakipenda, wanakifanya muziki wa kulalia, na hapo wanadhani wameshamjua mtu. Nimeandika mwongozo huu ili upite mlango wa mbele. Chukua wiki moja kwa kila hatua, na ile ya mwisho, ambayo ni ya wapigaji, ichukue muda wowote unaotaka.

Kwa ufupi, huyu ni nani: Jan Garbarek, mpiga saksafoni wa Norway, amezaliwa tarehe 4 Machi 1947 huko Mysen, akakulia Oslo. Mama yake Mnorwe, baba yake Mpoland aliyeletwa Norway kama mfungwa wa vita. Alipozaliwa hakupewa uraia. Alikaa bila taifa hadi alipofika miaka 7. Anapiga hasa saksafoni za aina mbili, tenori yenye sauti nzito na soprano yenye sauti nyembamba ya juu. Karibu kazi zake zote zimetolewa na ECM, kampuni iliyoanzishwa na Manfred Eicher mjini München mwaka 1969.

Na jambo la kushika tangu mwanzo: maisha yake ya muziki ni ya mtu anayepunguza. Alianza na noti tele, akaendelea kuziondoa mwaka baada ya mwaka hadi akabaki na sauti yenyewe. Ukilishika hilo, kila albamu itakuonyesha imekaa wapi kwenye safari.

Kabla hujaanza: vifaa na mahali

Spika ya simu itakudanganya. Sauti ya Garbarek ina makali juu, kama ukingo wa bati jipya, na chini yake kuna mwangwi mrefu. Spika ndogo inakupa yale makali peke yake, mwangwi unapotea, na unabaki na mluzi unaokera. Tafuta hedifoni za kufunika sikio zima, hata za bei ya chini, au spika mbili za kawaida chumbani.

Tangu Novemba 2017, ECM iliruhusu albamu zake kwenye huduma za kusikiliza muziki mtandaoni. Zipakue mahali penye Wi-Fi kwanza, ndipo usikilize. Bando likikatika katikati ya wimbo wa dakika 20 utalaani bure. Ukiona ukimya mwanzoni, usidhani simu imegoma. ECM ina kawaida ya kuanza diski zake na sekunde 5 za kimya. Ziache zipite. Ndizo zinazokutoa barabarani na kukuingiza chumbani.

Saa ni bora iwe usiku, au alfajiri kabla ya bodaboda hazijaanza.

Hatua ya 1: anza na wimbo unaoweza kuuimba

Tafuta albamu *My Song*, iliyorekodiwa Oslo mwaka 1977. Si yake, ni ya mpiga piano Mmarekani Keith Jarrett. Jarrett alikuwa na kundi la Ulaya: yeye kwenye piano, Garbarek kwenye saksafoni, Palle Danielsson wa Sweden kwenye besi, Jon Christensen wa Norway kwenye drams.

Sikiliza wimbo wenye jina la albamu, kisha "Country". Usichambue kitu. Siku ya kwanza sikiliza mara mbili, siku ya pili jaribu kuuvumisha ukiwa unaosha vyombo. Utaona unawezekana. Hapo umepata ufunguo wa kwanza: mtu huyu anapiga kama mtu anayeimba, anavuta pumzi mahali mwimbaji angeivuta.

Siku ya tatu, fuatilia namna anavyoingia kwenye noti. Mara nyingi haigusi noti moja kwa moja. Anaanzia chini yake kidogo, anaipandisha taratibu kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisimani, na ikifika juu anaishikilia bila kuitikisa. Mtetemo wa sauti, ule ambao wapiga saksafoni wengi huupaka kwenye kila noti kama sukari, yeye anauweka akiba hadi mwisho wa noti, au hauweki kabisa.

Ukilipenda kundi hilo, rudi kwenye *Belonging* ya Aprili 1974. Kuna kisa humo: wimbo "'Long As You Know You're Living Yours" ulifanana mno na wimbo wa Steely Dan, bendi ya Marekani, wa mwaka 1980, na Jarrett akaishia kuandikwa miongoni mwa watunzi wa huo wa Steely Dan. Sikiliza tenori ya Garbarek hapo. Ina jasho, ina dansi. Anayekwambia huyu ni mtu wa barafu tupu, mpe wimbo huo.

Hatua ya 2: jaribio la kanisani

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na inahitaji nusu saa tu.

Mwaka 1993 Garbarek aliingia kwenye monasteri ya St. Gerold, milimani Austria, pamoja na Hilliard Ensemble, waimbaji wanne wa kiume kutoka Uingereza waliobobea kwenye muziki wa kale. Wao wakaimba nyimbo za kanisa za karne zilizopita kama zilivyoandikwa. Yeye hakuwa na noti zilizoandikwa. Alibuni papo hapo, juu yao na kati yao. Albamu ikaitwa *Officium*, ikatoka 1994, ikauza zaidi ya nakala milioni moja, idadi ambayo watu wa jazz huisikia kwa wenzao wa pop tu.

Wimbo "Parce mihi Domine", wa Mhispania Cristóbal de Morales wa karne ya 16, umo mara tatu: mwanzoni, katikati na mwishoni. Ule wa katikati hauna saksafoni. Basi fanya hivi.

Anza na wa katikati. Waimbaji wanne wanatembea pamoja, neno kwa neno, polepole. Hakuna anayemkimbia mwenzake. Sikiliza hadi uanze kutabiri watapumzika wapi. Kisha weka ule wa kwanza. Waimbaji ni walewale, maneno ni yaleyale, lakini sasa kuna mtu wa tano. Chukua karatasi, kila saksafoni inapoingia chora mstari, ikinyamaza acha nafasi. Ukimaliza, angalia karatasi yako. Utaona nafasi nyeupe ni nyingi kuliko ulivyodhani, na mistari mingi imeanzia pale waimbaji wanapovuta pumzi au noti yao inapokaribia kufa. Anachukua noti waliyoiacha hewani, anaishika, anaigeuza kidogo, anaiachia.

Mimi nilipofanya jaribio hili mara ya kwanza nilimaliza nikiwa na karatasi iliyoonekana kama barua ya mtu asiyejua kuandika. Nimeitunza hadi leo.

Aliyekulia Lamu, Unguja au Tanga ataitambua hali hii. Muadhini wa alfajiri anatoa mstari mmoja, ananyamaza, na kimya kile kinakuwa sehemu ya wito. Ukimharakisha umeuharibu. Garbarek naye anaiachia nafasi ifanye kazi, na mwangwi wa jengo unamalizia sentensi yake.

Ushirikiano huo ulizaa *Mnemosyne* mwaka 1999 na *Officium Novum* mwaka 2010, hadi waimbaji wale walipostaafu mwishoni mwa 2014. Onyesho moja la mwaka huohuo, lililorekodiwa Bellinzona, Uswisi, lilitoka 2019 kwa jina *Remember Me, My Dear*. Kwenye maonyesho walikuwa wakitembea ndani ya kanisa wakiimba, na saksafoni inawafuata kutoka pembe nyingine. Kama una pesa ya albamu moja tu kati ya hizi, chukua ya kwanza.

Hatua ya 3: sasa rudi mwanzo, kwenye kelele

Sasa unaweza kuingia mlango wa nyuma bila kuumia.

Mwaka 1961 kijana wa miaka 14 alimsikia John Coltrane, mpiga saksafoni wa Marekani, redioni, na maisha yake yakageuka. Akawaomba wazazi saksafoni. Kabla haijafika alipata kitabu kinachoonyesha vidole vinakaa wapi, akajifunza mikao ya vidole bila chombo. Chombo kilipofika, vidole vilikuwa vinajua njia. Mwaka uliofuata akashinda mashindano ya wapiga jazz wasiolipwa nchini kwake.

Mwaka 1965 akapiga kwenye tamasha la Molde, mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Norway. Hapo alikuwapo George Russell, Mmarekani mweusi, mtunzi na mwananadharia mkubwa, ambaye alikuwa amehamia Skandinavia. Russell akamchukua. Baadaye alimlinganisha na Django Reinhardt, mpiga gita wa Ulaya, yaani akamweka kwenye mstari wa Wazungu wachache walioleta kitu chao wenyewe kwenye jazz.

Ndipo *Afric Pepperbird*, ile iliyonifukuza. Ilirekodiwa Oslo Septemba 1970, namba 7 kwenye orodha ya ECM. Terje Rypdal kwenye gita, Arild Andersen kwenye besi, Jon Christensen tena kwenye drams, na fundi mitambo Jan Erik Kongshaug, ambaye mwangwi wake utausikia kwa miaka mingi baadaye. Ile honi ya meli niliyoisikia ni saksafoni ya besi. Garbarek anaipiga humo pamoja na tenori, klarineti na filimbi.

Sikiliza kwa kutafuta kitu kimoja: noti ndefu. Zimo. Katikati ya mayowe, ghafla anashika noti moja na kuinyoosha, kisha anarudi vitani. Mayowe ameyatoa kwa Coltrane wa miaka ya mwisho, kwa Albert Ayler, kwa Pharoah Sanders. Ile noti ndefu ni yake. Miaka iliyofuata aliitupa vita akabaki nayo.

Usijilazimishe kuipenda albamu hii. Mimi bado siipendi sana, naiheshimu.

Hatua ya 4: fuata kupunguza kunavyotokea

Albamu tatu, kwa mpangilio huu, katika wiki moja.

*Witchi-Tai-To*, iliyorekodiwa mwishoni mwa 1973, pamoja na mpiga piano Bobo Stenson. Wimbo wa jina ni wa Jim Pepper, mpiga saksafoni wa asili ya Wahindi Wekundu wa Marekani, aliyeutoa kwenye wimbo wa ibada aliofundishwa na babu yake. Albamu inafungwa na "Desireless" ya Don Cherry, dakika 20 hivi. Hapa bado kuna moto, lakini moto umepata jiko: melodi iko wazi, inarudi, unaweza kuishika.

*Dansere* ya 1975, kundi lilelile. Sikiliza mara moja, pita.

Kisha *Dis*, iliyorekodiwa mwaka 1976. Kaa hapa. Neno hilo ni la Kinorwe, maana yake ukungu mwepesi. Hakuna drams, hakuna besi. Kuna Garbarek, kuna gita la Ralph Towner, mahali pengine kuna kundi la tarumbeta na ndugu zake, na kuna kinubi kinachopigwa na upepo. Kiliwekwa kwenye pwani ya Norway, nyuzi zinatetemeshwa na upepo wa Bahari ya Kaskazini, sauti ikanaswa kwenye utepe, nao wakapiga juu yake.

Fikiria tatizo alilojipa. Upepo haubadilishi mwendo ili kukufuata. Hauhesabu moja, mbili, tatu, nne. Hauna wimbo. Unatoa sauti moja pana, inavimba, inapungua. Ukipiga noti nyingi juu yake unaonekana mjinga, kama mtu anayepiga kelele ufukweni. Kwenye "Vandrere", wimbo wa kwanza, anachofanya ni kutoa sentensi fupi, kusubiri, kutoa nyingine. Baada ya albamu hii hakurudi kuwa yule kijana wa 1970, hata alipopiga na kundi zima lenye drams.

Kama huna muda wa hatua zote nane, fanya ya 1, ya 2 na hii.

Hatua ya 5: wito wa ng'ombe

Waandishi wengi wakimfikia Garbarek kalamu zinaganda: milima yenye theluji, maji meusi, upweke wa kaskazini. Kuna ukweli ndani yake, lakini ni uvivu pia. Ukitaka kujua sauti ile imetoka wapi, uliza watu wa huko waliimba nini.

Mtu aliyemsukuma kuuliza alikuwa mgeni. Don Cherry, mpiga tarumbeta Mmarekani aliyeishi Sweden, alikuwa na hamu na muziki wa kienyeji wa kila mahali alipofika, akawahimiza vijana wa Norway wautazame wa kwao. Hilo halikuwa jambo dogo. Kwa mpiga jazz wa mjini Oslo miaka ya sitini, nyimbo za shambani zilikuwa za wazee.

Norway ina desturi ya wanawake walioishi na mifugo milimani majira ya joto. Waliwaita ng'ombe na mbuzi kwa sauti ya juu, nyembamba, inayopanda ghafla na kukatika, sauti ya kuvuka bonde. Mnyama asikie, na jirani aliye ng'ambo ajue uko salama. Aina hiyo ya uimbaji huitwa *lokk*. Isikilize popote utakapoipata, kisha weka soprano ya Garbarek. Utacheka. Makali yale yaliyokukera kwenye spika ya simu yana kazi: sauti iliyotengenezwa kusafiri mbali lazima iwe na ncha.

Kwa hatua hii sikiliza *Rosensfole*, iliyorekodiwa 1988 na mwimbaji Agnes Buen Garnås, nyimbo za hadithi za Norway tangu enzi za kati. Garbarek hapo ni kama fundi wa jukwaa, anaweka taa na pazia, mama anaimba. Halafu *I Took Up the Runes* ya 1990, inayofunguliwa na "Gula Gula" ya Mari Boine, mwimbaji wa Wasami, wenyeji wa kaskazini ambao lugha na nyimbo zao zilikandamizwa na dola ya Norway kwa vizazi. Msami Ingor Ántte Áilu Gaup anaimba humo kwa mtindo wao wa *joik*.

Hatua ya 6: udi, tabla na masikio yetu

Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo mhakiki wa Paris hana.

*Madar* ilirekodiwa Agosti 1992: Garbarek, Anouar Brahem wa Tunisia kwenye udi, Ustad Shaukat Hussain wa Pakistan kwenye tabla, ngoma mbili ndogo za Kihindi. Mtu aliyezoea taarabu anajua udi unavyozungumza, unavyouliza swali kwenye nyuzi za chini na kujijibu juu. Utashangaa kugundua kwamba wimbo wa ufunguzi, "Sull lull", umejengwa juu ya wimbo wa Kinorwe wa kubembeleza mtoto, na kwamba udi unauchukua kana kwamba umezaliwa nao. Skeli, yaani ngazi za noti, za vijijini Norway zina noti zinazokaa kati ya noti za piano. Za maqam, mfumo wa skeli za muziki wa Kiarabu, nazo hivyohivyo. Wale wawili walikutana kwenye nyufa hizo.

Ukitaka zaidi, kuna *Ragas and Sagas* pamoja na mwimbaji Ustad Fateh Ali Khan wa Pakistan. Hii ina wasiwasi kidogo kwangu. Sauti ya Khan ni mto uliofurika, na kuna dakika ambazo saksafoni imesimama ukingoni ikitafuta pa kuvukia. Lakini sikiliza anapoamua kutovuka, akashika noti moja ya kumsindikiza mzee. Hapo inapendeza.

Hatua ya 7: kundi lake mwenyewe

Kwa miaka mingi alizunguka na kundi la kudumu: Mjerumani Eberhard Weber kwenye besi ya umeme aliyojitengenezea umbo lake, Mjerumani mwingine Rainer Brüninghaus kwenye piano, na wapiga ngoma waliobadilika, mmojawao Marilyn Mazur. Sikiliza *Twelve Moons* ya 1993, kisha *Dresden*, iliyorekodiwa jukwaani Oktoba 2007. Ajabu ni kwamba hiyo ndiyo albamu yake ya kwanza ya jukwaani kwa jina lake mwenyewe, akiwa na miaka 60.

Weber hayumo. Mwaka huohuo, wakiwa ziarani, alipata kiharusi, na mkono haukurudi kwenye besi. Baadaye akachukua rekodi za solo zake za jukwaani na Garbarek kati ya 1990 na 2007, akazijenga upya kuwa albamu, *Résumé*, iliyotoka 2012. Garbarek akaja kuongeza saksafoni juu yake.

Kuna wapenzi wa jazz wasiomtaka mtu huyu, nao wana hoja. Wanasema swingi, ule mdundo wa jazz unaobembea, imekufa mikononi mwake, kwamba baadhi ya kazi za miaka ya tisini, zenye sinthesaiza nyingi, zinateleza kama sabuni. Kwenye *Visible World* ya 1996 kuna mahali nakubaliana nao. Ruka bila aibu.

Hatua ya 8: kwa mwenye saksafoni

Kwanza, usikimbilie soprano kwa sababu yake. Soprano ni ngumu kuweka kwenye tuni kuliko zote za kawaida. Mdomo ukiyumba kidogo, noti inahama. Anza na alto au tenori, mazoezi yote haya yanafaa.

Pili, hakikisha chombo hakivuji. Saksafoni yangu ya kwanza nilinunua mkononi mwa mtu aliyeniapia imefanyiwa matengenezo. Miezi minne nililaumu mapafu yangu kwa noti za chini zilizokataa kutoka. Fundi mmoja akazima taa, akashusha kamba ya taa ndogo ndani ya bomba, akabonyeza vifuniko kimoja kimoja. Mwanga ukachungulia sehemu tatu. Pedi zilikuwa zimekauka. Fanya kipimo hicho kabla hujatoa pesa. Chombo kinachovuja hakiwezi kushika noti ndefu, na noti ndefu ndiyo somo zima hapa.

Kisha, kila siku, dakika 30:

Dakika 10 noti moja. Tafuta kwenye simu sauti ya tanpura, ile ala ya nyuzi ya Kihindi inayolia bila kukoma, iweke kwenye D. Piga noti inayotoa sauti hiyohiyo, anza kimya kabisa, ikuze, ipunguze hadi ipotee. Bila mtetemo. Utasikia sauti mbili zikigombana pale usipokuwa sawa, kama mtikisiko hewani. Rekebisha kwa koo na mdomo hadi ugomvi uishe.

Dakika 5 kuingia kutoka chini. Lengo noti ileile. Legeza taya, anza chini yake kidogo, panda kwa kuhesabu hadi nne, fika, tulia. Ukipanda haraka inakuwa mbwembwe, na ukifika ukapitiliza umeharibu. Jirekodi. Tutajidanganya sote tusipojirekodi.

Dakika 10 wimbo wa kubembelezea mtoto, wowote uliolelewa nao. Uimbe kwanza kwa maneno, tia alama unapovuta pumzi. Sasa upige, na pumzi zikae palepale. Kila baada ya mstari nyamaza kwa urefu uleule wa mstari. Utaona inavyouma kunyamaza. Mkono unataka kujaza. Usijaze.

Dakika 5 za mwisho tafuta jengo. Ngazi za ghorofa, darasa tupu, kanisa ukiruhusiwa. Piga noti moja fupi, sikiliza mwangwi unachukua sekunde ngapi kufa. Piga nyingine pale wa kwanza unapokaribia kuisha. Mimi hufanya hivi kwenye ngazi za jengo tunalokaa, jioni ya Jumapili, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Wiki ya kwanza mlinzi alipanda kuuliza nani mgonjwa. Siku hizi akinisikia anazima redio yake.